Tulivyobadilishana Vishikwambi

Kila asubuhi shuleni kwetu, huku milimani Wonosobo, tulianza na vishikwambi. Unaandika jina lako, kinakupa somo lako peke yako. Ukiweza kinakupandisha, ukikwama kinakurudisha nyuma mpaka uelewe. Wulan, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa anasoma hadithi ndefu za majini. Mimi, mtoto mzima wa darasa la tano, nilipewa picha ya bata na silabi: ba, ta.

"Tegar, bata wako hajambo?" Wulan alinitania. Wa nyuma wakacheka.

"Hajambo. Sehemu zimekuliza tena leo?" Hesabu za sehemu zilikuwa zinamtoa machozi yule.

Kijijini viazi tunavuna kwa ujima, leo shamba lako, kesho langu. Tukaona na hii ni hivyohivyo. Tukabadilishana vishikwambi chini ya dawati: yeye ananisomea, mimi namfanyia hesabu. Mwezi mzima. Wala hatukuona kosa.

Siku ya wazazi, Mwalimu Retno akasimama, uso unang'aa. "Kuna mtoto amenishangaza. Juzi tu alikuwa kwenye silabi, leo kishikwambi kinaonyesha anasoma kuliko darasa zima. Tegar, njoo utusomee."

Niliganda. Mama, matope ya shamba bado viatuni, akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Huyuhuyu mwanangu?"

Nikapewa kitabu. Herufi zilijaa kama sisimizi. Mtu akakohoa.

"Soma tu, usiogope," Mwalimu akasema.

"Siwezi, Mwalimu. Aliyekuwa anasoma siyo mimi. Ni Wulan."

Mama akashusha mikono taratibu. Wulan akasimama, analia. "Na hesabu zangu alifanya yeye."

Mwalimu alikaa chini puu! "Mungu wangu! Jumatatu kinaanza kikundi cha jioni cha wanaokwama kusoma, na wewe nilishakutoa. Nafasi yako nimeshampa mwenzako."

Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Ningemaliza shule sijui kusoma, na hakuna ambaye angejua.

Mwalimu hakutuchapa. Alifuta alama zetu zote za mwezi ule, akaongeza kiti kwenye kikundi cha jioni. Mimi nikarudi kwenye silabi, Wulan akaanza sehemu upya, kugawa mkate nusu kwa nusu. Ilinichukua miezi mitatu kusoma ukurasa mzima mbele ya Mama na wenzangu darasani, tena kwa kukwamakwama. Mama alinishika kichwa.

Siku hiyo Mwalimu akatuambia, "Mlichofanya ni sawa na mgonjwa kumpelekea daktari mkojo wa jirani."

Darasa zima likavunjika mbavu.

"Chekeni! Anaambiwa ni mzima, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Kishikwambi kinakupima wewe ili kikufundishe wewe. Mkikosa, koseni wenyewe. Hapo ndipo nitajua pa kuwasaidia."