Tiki za Kumsaidia Mama

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, taa ya sebuleni kwa kina Edda, mtaa wa Nangara mjini Babati, ilikuwa imeshawaka. Mama yake, Natalia, alikuwa amekaa mezani na kitenge mabegani, chai ya rangi pembeni, na mbele yake kitabu kinene ambacho Baba alisema kingefaa kuzuia mlango siku za upepo.

Mama alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kitaaluma wa usimamizi wa miradi. Kazini alikuwa msimamizi wa mradi wa kulaza mabomba ya maji kule Mutuka. Alikuwa na kijiti kirefu alichokichora alama za sentimita, na kila mtaro uliochimbwa alikizamisha mwenyewe mpaka chini. Fundi akimwambia, "Mama Edda, huu ni mita moja, niamini tu," alicheka akasema, "Nakuamini, ila ngoja kijiti nacho kiamini." Mtaro usipofika kina hicho, plau ya kwanza ya msimu ingepasua bomba, na watu wangerudi kuchota maji kwa ndoo.

Mradi wa Mutuka ulikuwa unaisha Desemba. Mradi mwingine ulikuwa unaanza Dareda, na shirika lake lilikwishasema kwamba mkuu wa mradi huo lazima awe na cheti cha mtihani huo. Mama akifaulu, kazi ni yake. Akikosa, Desemba anarudi nyumbani bila kazi. Tena mwaka uliopita aliujaribu mtihani huohuo akashindwa. Siku ile alirudi kutoka Arusha, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu mpaka chakula kikapoa. Edda, aliyekuwa darasa la tano wakati huo, alisimama mlangoni akimtazama. Hakutaka kuuona tena uso ule. Hakutaka kabisa.

Kwa hiyo Mama alipomwomba amsaidie kusahihisha maswali ya mazoezi, Edda alifurahi mno.

"Karatasi ya majibu kaa nayo wewe," Mama alisema. "Ikiwa kwangu nitachungulia. Najijua."

"Mama! Hata wewe?"

"Hata mimi. Kwani mimi malaika?"

Wakapanga utaratibu. Alfajiri Mama alijibu maswali arobaini kwa kuandika herufi tu kwenye daftari: A, B, C au D. Jioni, baada ya kuosha vyombo, Edda alilinganisha herufi hizo na karatasi ya majibu, akaweka tiki au kosa kwa kalamu nyekundu. Penye kosa, Mama alirudi kitabuni kusoma upya. Penye tiki, alilishika jibu lake akasonga mbele. Lengo lake lilikuwa thelathini kati ya arobaini.

Sasa, ni lazima ujue jinsi Edda alivyojifunza kusahihisha. Darasa lao la sita lilikuwa na wanafunzi sabini na watatu, na Mwalimu Kasimiri alikuwa na mikono miwili tu. Kwa hiyo baada ya zoezi alisema, "Badilishaneni madaftari!" kisha akasoma majibu, kila mmoja akamsahihisha mwenzake. Edda alikaa dawati moja na rafiki yake Vailet, na wawili hawa walikuwa na sheria yao. Mwenzako akikosea kidogo, unampa tiki. Akikosea sana, unampa tiki ndogo. Waliita jambo hilo kusaidiana, na madaftari yao yalipendeza kweli kuyatazama.

Jumatatu ile ya kwanza, Edda alihesabu majibu sahihi ya Mama akapata ishirini na moja. Akahesabu tena. Ishirini na moja. Akamtazama Mama aliyekuwa anapepeta mchele huku akipiga miayo, akaukumbuka uso wa mwaka jana, na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya. Aliweka tiki sita ambazo hazikustahili.

"Ishirini na saba, Mama."

"Ishirini na saba! Siku ya kwanza tu!" Mama aliweka ungo chini, akapiga makofi. Usiku ule aliimba akipakua chakula. Edda alijisikia vizuri sana, kama mtu aliyetoa zawadi.

Jumanne akampa ishirini na tisa. Jumatano thelathini na moja. Alhamisi thelathini na tatu. Mama alianza kutembea kwa madaha.

Ijumaa Mwalimu Kasimiri alirudisha karatasi za jaribio la Hisabati, ambazo alikuwa amezisahihisha mwenyewe. Vailet alipata nane kati ya hamsini. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha machozi yakaanza kumdondoka juu ya dawati.

"Edda, si nilikuwa najua sehemu? Angalia daftari langu. Tiki tupu!"

Edda akalifungua daftari. Nusu jumlisha theluthi, Vailet aliandika mbili juu ya tano. Alikuwa amejumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Pembeni palikuwa na tiki nyekundu, nzuri, ya mkono wa Edda. Hesabu iliyofuata ilikosewa vilevile, nayo ilikuwa na tiki. Iliyofuata pia. Na kwenye jaribio Vailet alizifanya zote kwa njia ileile, bila wasiwasi wowote, kwa sababu nani amrekebishe mtu ambaye hajawahi kukosea?

Edda alilifunga daftari.

Jioni, wakati wa kula, Mama alikuwa na furaha. "Baba Edda, safari hii naona nitapita," alisema. "Thelathini na tatu! Nafikiri nipunguze kusoma, nipumzike mpaka siku ya mtihani. Mengine yamekaa kichwani, hayatoki tena. Kwa mfano, tatizo likitokea ghafla kwenye mradi, jambo la kwanza ni kumpigia bosi simu. Swali la kumi na saba, jibu A."

Edda alilirudisha tonge sahanini. Alilikumbuka swali la kumi na saba. Jibu halikuwa A. Lilikuwa C: kwanza nenda kaone tatizo lina ukubwa gani. Tiki aliichora yeye.

Jumamosi asubuhi Mama alikaa nyuma ya nyumba akichambua maharage. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kamili kabla ya mtihani. Edda alipita mbele yake mara tatu, mara na ndoo, mara na fagio, mara na mikono mitupu.

"Wewe mtoto, unatafuta nini?"

"Mama, nina neno."

"Sema."

"Utakasirika."

"Huenda. Sema tu."

Edda akaanza kulia kabla ya kusema. "Zile thelathini na tatu si za kweli. Nilikuongezea tiki. Siku zote nne. Sikutaka ukae tena kitandani na viatu."

Mikono ya Mama ilisimama juu ya maharage. Alimtazama Edda, akautazama Mlima Kwaraa kule ng'ambo ya mji, kisha akainuka akaingia ndani. Edda alibaki amesimama, akawa anahesabu maharage ili asifikiri.

Mama alirudi na daftari na kalamu nyekundu. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Lete karatasi ya majibu," alisema. "Kaa hapa. Tunasahihisha pamoja, na safari hii kila kosa liwe kosa."

Walisahihisha seti zote nne. Ishirini na moja. Ishirini. Ishirini na tatu. Ishirini na mbili. Walipofika swali la kumi na saba, Mama aliweka kalamu chini.

"Hili ningeingia nalo Arusha kifua mbele," alisema polepole. "Nimekasirika, Edda, sikufichi. Nilikuwa nakariri makosa, na kila nilipoyakariri nilijisifu."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe." Kisha, kwa mshangao wa Edda, Mama akacheka. "Nilidhani niko juu kabisa ya Kwaraa, kumbe bado nafunga kamba za viatu hapa Nangara! Afadhali umeniambia leo. Wiki mbili si haba. Ungeniambia baada ya mtihani, tungefanya nini?"

Edda akajifuta machozi, akamsaidia kumalizia maharage.

Siku hiyohiyo Mama alipanga upya ratiba yake, akaibandika ukutani kando ya kalenda. Aliomba ruhusa ya siku nne kazini. Edda akaendelea kusahihisha, na sasa kalamu nyekundu ilifanya kazi yake yote. Ishirini na nne. Ishirini na sita. Kisha, siku moja, ishirini na mbili tena. Edda alimpa Mama daftari lile bila kuongeza hata tiki moja.

Mama alisoma, akakunja uso. "Asante," akasema, akafungua kitabu.

Baada ya hapo alama zikapanda: ishirini na tisa, thelathini na moja, thelathini na nne. Edda alizihesabu zile thelathini na nne mara tatu kabla ya kuzitamka, kwa kuwa hakujiamini kwa furaha.

Shuleni nako palikuwa na kazi. Edda alimweleza Vailet ukweli kuhusu tiki, na Vailet hakusema naye kutwa nzima. Kesho yake alikuja mwenyewe. "Na mimi nilikupa za bure kwenye Kiingereza," alikiri. "Tufundishane basi." Wakati wa mapumziko wakakata chapati vipande vipande, wakatafuta nusu na theluthi mpaka zikaeleweka, halafu wakazila.

Ijumaa ya wiki ya pili Baba alimsindikiza Mama stendi, Mama akapanda basi la Arusha. Jumamosi Edda na Baba walishinda wanaitazama simu, kwa kuwa mtihani ulifanywa kwa kompyuta na matokeo yalitoka siku hiyohiyo. Baba alijifanya anatengeneza kiti, lakini msumari aliupiga uleule mara nyingi. Saa tisa alasiri simu ikaita. Baba akaweka sauti kubwa.

"Baba Edda, uko na mtoto hapo?" Sauti ya Mama ilikuwa nzito. Edda alishika mguu wa kile kiti.

"Yuko hapa. Sema basi!"

"Mwambie msahihishaji wangu nimefaulu!"

Baba alirusha nyundo, bahati nzuri ikaangukia kwenye majani. Edda aliruka, akacheka, akalia, akacheka tena. Mzigo wote wa wiki zile ulimshuka mara moja, mpaka akaketi chini.

Jumapili mchana Mama alifika, akavua viatu mlangoni, akamkumbatia Edda kwa muda mrefu.

"Lile swali letu la kumi na saba lilikuja," alisema. "Maneno mengine, jambo lilelile. Mkono ukataka kwenda kulekule kwa simu ya bosi. Nikakukumbuka wewe umesimama mbele ya maharage unalia, nikachagua kwenda kuliona tatizo kwanza."

"Kwa hiyo nilikusaidia, Mama?"

"Ulinisaidia, ndiyo. Lakini sikiliza vizuri, mwanangu, ni lini. Siku zile za tiki nyingi ulinifurahisha tu, na furaha ile ilikuwa inanipeleka kushindwa. Ulinisaidia siku ulipokuja kuniambia ukweli huku unaogopa." Mama akakichukua kijiti chake kilichoegemezwa ukutani. "Unajua kwa nini nakiamini hiki? Hakijawahi kunionea huruma. Mtaro ukiwa nusu mita, kinasema nusu mita, nasi tunachimba tena mpaka utoshe. Mtu anayekupenda akwambie ulipokosea mapema, kwa upole, halafu akae nawe mrekebishe."

Edda alitikisa kichwa kukubali. Kisha akainuka, akaleta daftari lake la Kiingereza, lile lililojaa tiki za Vailet, akaliweka mezani pamoja na kalamu nyekundu.

"Sasa nisahihishe mimi, Mama," alisema. "Usinionee huruma."

Mama akavuta kiti, akalifungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, na mstari wa pili tu akaweka kosa.