Fausta na Kompyuta ya Nicodemo

Kila asubuhi Fausta alikamua ng'ombe, akawafungulia ndama, kisha akakimbia na simu ya baba yake hadi kilimani, mahali pekee karibu na kwao Gehandu palipokuwa na mtandao. Siku hizi alikimbia hata kabla ya kunywa uji. Mama yake alimuuliza kama amekanyaga siafu.

Kilichomkimbiza ni kompyuta. Mwalimu Belinda aliwapa wanafunzi wa darasa la saba masomo ya kujisomea kwenye flashi, na Fausta hakuwa na pa kuichomeka. Ndipo alipoona mtandaoni tangazo la Nicodemo, kijana wa Mbulu anayeuza kompyuta zilizotumika. Pichani kompyuta moja ilikuwa imewaka vizuri. Baba yake, mzee Gidahosh, alikubali kuuza fahali mmoja mnadani, na kwa mzee yule kuuza ng'ombe halikuwa jambo jepesi hata kidogo.

"Wahi, kuna wateja wengine wawili," Nicodemo aliandika. Tangu hapo Fausta hakukaa, hakulala vizuri, na maziwa aliyachemsha yakafurika.

"Kwetu hakuna umeme," baba yake alimwambia. "Itabidi tuichaji dukani kwa Irene, tuirudishe nyumbani ikiwa imejaa. Umemuuliza inakaa na chaji muda gani?"

Fausta hakuwa ameuliza. Aliogopa kwamba maswali mengi yangemchosha muuzaji, akampa mtu mwingine.

"Nimeuliza, baba. Inakaa mchana kutwa."

Uongo ulitoka upesi kuliko alivyotazamia, ukabaki ukimkereketa rohoni.

Jumamosi walipanda basi hadi Mbulu. Nicodemo aliwapokea katika chumba chake kidogo karibu na soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iko wapi hiyo mashine?"

Ilikuwa mezani, imewaka, waya wake umechomekwa ukutani. Gidahosh aliizunguka taratibu, akainama, akaichungulia ubavuni.

"Imetoka zizi la nani hii?"

Nicodemo alicheka. "Niliinunua kwa mwalimu mmoja aliyehamia Babati. Nimpigie simu, umuulize mwenyewe?"

Alimpigia, wakazungumza, mzee akaridhika. Kisha akaukazia macho ule waya.

"Mnadani, ng'ombe aliyefungwa kamba simlipii mpaka afunguliwe nimwone akitembea. Na hii imefungwa. Ningekuambia uifungue, lakini binti yangu ameshauliza. Inatosha." Akatoa simu ili atume fedha.

Fausta aliikazia macho ile simu. Akinyamaza, pengine fahali atakuwa amekwenda bure. Akisema, atarudi mikono mitupu, na mgeni huyu atajua kwamba mzee Gidahosh amedanganywa na mtoto wake mwenyewe. Kidole cha baba kilikuwa tayari kinabonyeza namba ya siri.

"Baba, usitume! Sikuuliza. Nilikudanganya."

Gidahosh hakufoka. Fausta alitamani angefoka.

"Ifungue," mzee alimwambia Nicodemo.

Nicodemo akachomoa waya. Kioo kikazima hapo hapo.

"Betri imechoka, mzee," alisema kijana kwa aibu. "Wateja wangu wengi wana umeme nyumbani, nikadhani nanyi mnao. Nilipaswa kusema. Ila hakuna aliyeniuliza."

"Kweli. Wewe ulipaswa kusema, na huyu alipaswa kuuliza."

Walikubaliana kwamba Nicodemo atafute betri nyingine, wao warudi wiki inayofuata, na malipo yafanyike baada ya kuiona ikifanya kazi.

Ndani ya basi Fausta alilia. Milima ilipobaki nyuma yao, baba yake alimgeukia.

"Fahali ningepata mwingine," alisema. "Kinachoniuma ni kwamba niliamini neno lako kuliko macho yangu. Ukiogopa, niambie unaogopa. Kama hujui, sema hujui, tukaulize pamoja. Umechelewa kusema ukweli, lakini umeusema mbele ya mgeni, na kabla fedha haijatoka. Hilo nimeliona."

Wiki iliyofuata Nicodemo alichomoa waya yeye mwenyewe kabla hajaulizwa. Kioo kikaendelea kuwaka. Gidahosh hakuridhika. Aliibeba kompyuta ikiwa wazi, akaizungusha soko zima, akipita kwenye mafungu ya vitunguu na mitumba, Nicodemo akimfuata nyuma kwa wasiwasi. Watu walicheka. Mzee hakujali. Aliporudi ilikuwa bado inawaka, akalipa.

"Sasa," alimuuliza bintiye walipofika stendi, "ile flashi ya mwalimu wako uliyokuja nayo inasomeka humu?"

Fausta alifungua mdomo aseme ndiyo. Akaufunga.

"Sijui, baba. Sijaijaribu."

Gidahosh alimkabidhi kompyuta, akatabasamu.

"Hapo umenijibu. Rudi kwa Nicodemo mkaijaribu. Basi likija, nitalizuia."