Nilipokea Mbuzi wa Mahari ya Mke Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na saba, ni fundi cherehani sokoni hapa Baraka, Kongo. Mkinikuta nacheka na wateja msidanganyike. Nimefungwa, ila gereza langu halina askari...

Nilikuwa na mke, Anjelani, na binti yetu Neema. Shamba letu kule juu Fizi tulilikimbia kwa ajili ya vita, na kila risasi zilipolia milimani mke wangu alianza kufunga mizigo. Nilitaka kitu kimoja tu: mwanangu akue mahali penye amani. Je, ni kosa?

Ndipo akarudi Wilondja. Tulikua pamoja katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tukila sahani moja, kisha yeye akachukuliwa ng'ambo na kupata makao ya kudumu. Alirudi amenenepa, ananukia, hana mke. Akaniambia, "Ndugu yangu, mi naweza kupitisha bibi yako na mutoto. Tunaandika kama ni bibi yangu. Banafika kule, tunaachana ku bureau, naye anakuita. Iko mambo ya papier, ya karatasi tu!"

Anjelani alikataa katakata. Mimi ndiye niliyembembeleza, tena nikamcheka eti ana woga!

Kumbe kwa maombi ya viza zilitakiwa picha za mahari. Baba mkwe alikubali, ila akasema kwake hawaingii mbuzi wa kuigiza. Mimi mwenyewe mahari yangu sikuwahi kuimaliza, kila mwaka nikimwambia mwakani. Wilondja aliwaleta mbuzi wote kwa siku moja!

Kwa ukoo wao anayepokea kamba za mbuzi ni kaka wa binti. Anjelani hana kaka. Basi nikavishwa koti, nikawa kaka. Nikazishika zile kamba, nikatabasamu, nikapigwa picha. Wazee wakachinja. Nami nilikula, tena nikaongezewa mchuzi.

Kisha nikaanza kumfundisha Wilondja mke wangu. Ndiyo, mmesoma vizuri! Tuliambiwa maafisa huwatenganisha wanandoa na kuwauliza mambo ya ndani. Nikamweleza kwamba Anjelani hali sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na mawese, kwamba radi ikipiga anajifunika kitenge kichwani, kwamba akikasirika hasemi neno, anafua nguo. Yule bwana alishika yote upesi. Wakaenda wawili Bujumbura kupimwa afya, mimi nikabaki na mtoto. Nani asiyemwamini ndugu aliyekula naye sahani moja?

Mahojiano yalikuwa Nairobi, nami nilikwenda kama shahidi. Waliingia kila mtu peke yake. Nikakaa kwenye benchi nikisali wasikosee. Mimi, nikiwaombea!

Nikaitwa. Afisa alikuwa mama wa Kizungu mwenye mkalimani pembeni. Akaniapisha, akauliza kama yule ni mume wa dada yangu. Nikasema ndiyo. Akanionyesha picha ya mbuzi, akauliza kama kaka akishapokea anaweza kubadili mawazo. Nikasema kwetu haiwezekani.

Mama yule akatabasamu. Akasema alimuuliza kila mmoja, mume alilia lini mara ya mwisho, na wote wawili walijibu sawa: Bujumbura, kitandani, alipomkumbuka marehemu mama yake, na mke akamfuta machozi. Je, nilikuwa najua kwamba wanapendana namna hiyo?

Ndugu zangu... hilo sikuwafundisha mimi!

Ningesema nini? Ningepiga kelele sote tungefukuzwa, na Neema angerudi kwenye risasi. Mkalimani akarudia swali. Nikajibu, "Ndiyo, wanapendana."

Nje nilimuuliza Anjelani. Hakukana. Alilia, akasema, "Mi nilikuambia hapana. Ni we ulinipeleka kwake."

Wakaondoka na mwanangu. Ile talaka ya ofisini haijaonekana hadi leo. Nilikwenda kwa baba mkwe kumdai mke wangu. Akanikaribisha kiti kwa heshima, kisha akacheka. "Mukwe wangu iko ng'ambo. Mbuzi we ulipokea, nyama ulikula. Sasa unataka tukurudishie nini?"

Wazee wote waliokaa naye waliitikia. Nimshitaki nani? Nikiwaandikia maafisa ukweli, atakayerudishwa ni Neema. Anasoma huko, hajui tena mlio wa bunduki. Nikinyamaza, nimepoteza mke. Nikisema, nimemponza mtoto. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nimo ndani nawaona watu wakipita juu.

Juzi baba mkwe alipita hapa kwenye cherehani amejaa furaha. Anjelani amejifungua mtoto wa kiume wa Wilondja! Nguo ya ubatizo, akasema, hutolewa na kaka wa mama, basi niishone haraka kuna msafiri wa kuipeleka.

Ndugu zangu wa Baraka, Lusenda, Makobola, popote mlipo, nawasihi! Mkiambiwa ni mambo ya karatasi tu, washikeni wake zenu mkono mwondoke. Shida mtaivumilia mkiwa wawili. Mke haazimwi, hata kwa picha.

Ile nguo ninayo hapa mezani ninapowaandikia. Nyeupe, ndogo sana. Nimeishona vizuri, maana mtoto hana kosa... kesho msafiri anakuja kuichukua.