Koti la Andendekisye

Habari hii ilisimuliwa kwanza na Apolonia, mjane wa Sajini Yohane Kalinga, Jumapili moja ya Desemba 1971, mbele ya wanawe wote watatu, nyumbani kwake Iringa. Aliisimulia mara moja tu. Alipomaliza aliwaomba wasimwulize neno, nao hawakumwuliza.

Mwaka 1954 Kalinga alikuwa mtunza stoo wa jela moja nje ya mji. Mfungwa alipoingia, nguo zake za nyumbani zilifungwa furushi, likatiwa kibao chenye namba, likamngoja mpaka siku ya kutoka. Kila mwezi Kalinga aliyaanika mafurushi yale juani yasiliwe na nondo. Askari wenzake walimcheka.

"Sajini, hao ni wezi, siyo maharusi!"

"Mtu hatoki uchi," alijibu, akaendelea kukung'uta.

Ndivyo alivyokuwa. Jioni alivua buti nje ya mlango wa kota, akaketi jikoni na watoto, akawamenyea viazi vya moto kwa vidole vyake mwenyewe. Apolonia alisema hajapata kumwona mwanamume mwingine wa Kihehe akifanya hivyo mbele ya wageni.

Mwezi wa Mei mfungwa mmoja alishikwa na kichomi. Jina lake Andendekisye, Mnyakyusa aliyehamia Rujewa na mama yake kulima mpunga. Alikuwa amefungwa miezi minane kwa kesi ya ng'ombe, na zilibaki siku tisa tu atoke. Kalinga ndiye aliyemshika kichwa siku yake ya mwisho.

"Afande, koti langu lifike kwa mama."

"Litafika."

Akafa. Barua ilipelekwa Rujewa, lakini hakuja mtu.

Juni ikaingia na upepo wake. Tekla, kitinda mimba wa Kalinga, mtoto wa miaka mitano, alikohoa usiku na mchana. Kwenye stoo kulikuwa na koti nene la sufu, rangi ya kahawia, lisilo na mwenyewe. Kalinga alilileta nyumbani amelibana kwapani.

"La nani?" Apolonia aliuliza.

"La mtu asiyelihitaji tena."

Alisema hivyo akitazama ukuta. Apolonia akachukua mkasi, akalipunguza kimo cha mtoto. Asubuhi yake Tekla alilivaa, na kikohozi kikakoma papo hapo.

Saa kumi na moja jioni rimu ya lori iliyotundikwa langoni mwa jela iligongwa, kama kila siku, wafungwa wahesabiwe na kufungiwa. Jua lilikuwa bado linawaka uani. Apolonia alikuwa anapepeta mahindi. Tekla aliacha kucheza, akaenda mlangoni, akachuchumaa, akaweka mikono miwili kichwani.

"Zimebaki tisa," alisema.

Kisha akarudi kucheza. Hivyo ndivyo wafungwa walivyohesabiwa, na mtoto yule alikuwa hajawahi kulikanyaga lango la jela.

Kesho yake Kalinga alikuwapo. Rimu ililia. Tekla akachuchumaa. "Zimebaki nane." Kalinga aliketi chini pale pale, na sare yake, kwenye vumbi. Ndipo alipomweleza mkewe koti lilikuwa la nani, na ahadi aliyokuwa ameitoa.

"Bado anatumikia kifungo," alinong'ona. "Siku ya kutoka atataka nguo zake. Na nguo zake amezivaa nani?"

Walilivua lile koti. Ngozi ya mtoto ikawa baridi kama jiwe la mtoni, blanketi tatu zisifae kitu. Jioni aliburura miguu hadi mlangoni, akachuchumaa akitetemeka. Saba.

Apolonia alikusanya vipande vyote na kuvipeleka mjini kwa Isihaka, fundi cherehani. Kimoja alikuwa akishikia sufuria, kingine alikuwa amezibia dirisha.

"Mama Paskalina," Isihaka alisema, akivigeuzageuza, "watu huniletea koti nilitie viraka. Wewe waniletea viraka nikutolee koti!" Alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. Alishona siku mbili. Alipomaliza alipitisha kidole kwa ndani, upande wa kushoto. "Hapa palikuwa na mfuko wa kushonwa kwa mkono. Haupo."

Waliutafuta kwenye jaa na kwenye majivu. Walipekua hata magodoro. Paskalina, mtoto wao mkubwa, aliutafuta mpaka kwenye viota vya kuku. Fundi alitaka kutia mfuko mwingine, Kalinga alikataa. "Lirudi na upungufu wake. Nimekwisha kudanganya mara moja."

Nne. Kalinga akaomba ruhusa kazini. Tatu, wakapanda lori, Tekla mgongoni mwa mama yake, mzito kuliko umri wake. Mbili, wakashuka Igawa. Utingo wao aliuliza mbona mtoto amechuchumaa hivyo kando ya barabara. Huko Igawa hapakuwa na rimu wala jela. Saa yake aliijua vile vile.

Walitembea kwenda Rujewa, wakafika jua limeelemea majaruba ya mpunga. Tekla alishuka mgongoni.

"Moja."

Bibi Tusajigwe, mama wa Andendekisye, aliwapa maji na mkeka, hakuuliza habari mpaka asubuhi. Barua ilimfikia, alisema, ila hakuwa na miguu ya kufika Iringa. Saa mbili, saa ambayo wafungwa hutolewa, Kalinga alilikunjua koti mbele yake. Bibi alilipapasa mishono. Mkono ulisimama upande wa kushoto.

"Mfuko niliushona mimi."

Kalinga hakujitetea. Alichuchumaa mbele ya yule mama, akaweka mikono kichwani, yeye sajini na mistari yake begani. Apolonia alimsikia akinong'ona, wala hakuwa akizungumza na bibi.

"Kilichopungua nihesabie mimi. Mtoto mwache."



Mbwa wa nyumba ile alikuwa amelala kizingitini. Aliinuka. Alitikisa mkia. Alirukaruka akizunguka mahali pasipo na mtu, akilia kwa furaha, kisha akatangulia ndani.

"Ndaga," bibi alishukuru polepole kwa Kinyakyusa, akitazama mlango, machozi yakimtoka. "Ndaga, mwanangu."

"Mama," Tekla akasema, "nina njaa."

Mikono yake ilikuwa na joto.

Walirudi Iringa. Kalinga alianza kufanya kazi kama mtu anayekimbizwa na mvua. Aliwajengea nyumba ya matofali kwenye shamba la baba yake, akaiezeka mwenyewe. Alimtafutia Paskalina nafasi ya bweni kwa masista. Alimfundisha Apolonia kusoma, jioni baada ya jioni, akimwekea kidole chini ya neno. Alimbeba Tekla begani kila mahali, hata alipokwenda kuchota maji. Na kila rimu ilipogongwa, kijiko cha Kalinga kilisimama hewani, midomo ikatikisika kidogo, kisha akala.

Apolonia alijua. Hakuthubutu kumwuliza zimebaki ngapi.

Asubuhi moja ya Februari, miezi minane tangu Rujewa, mvua ilikuwa ikinyesha. Kalinga alinyoa ndevu, akavaa suruali yake ya kanisani na shati jeupe.

"Huendi kazini?"

"Leo sivai sare, mama. Niitie watoto."

Aliwamenyea viazi. Saa mbili aliegemea ukuta, Tekla mapajani, akafumba macho.

Sare ni mali ya serikali. Ilikuwa sharti irudishwe. Baada ya matanga Apolonia aliitumbukiza majini kuifua, akahisi kitu upande wa kushoto. Aliigeuza ndani nje. Mfuko wa sufu ya kahawia ulikuwa umeshonwa pale, kwa mkono, kwa uzi mweusi ambao nyumba ile haikuwa nao. Sare nzima ilikuwa imelowa. Mfuko ulikuwa mkavu, na ndani una joto, kama mkono umetolewa sasa hivi.

Isihaka alikufa mwaka 1968. Bibi Tusajigwe alizikwa Rujewa, mwaka haujulikani. Apolonia alifariki 1979, na Paskalina miaka kumi na minne baada yake. Katika wote waliotajwa humu kwa jina aliye hai ni Tekla peke yake, mwenye mfuko ule, ambao mama yake aliufumua kabla sare haijarudishwa. Ana wajukuu sasa. Hachuchumai, hata kwa kupuliza moto.