Nugzari Anunua Pawa Saplai

Nugzari alikuwa fundi wa kupiga lipu. Aliishi Khashuri, mji wa reli nchini Georgia, pamoja na mke wake Tsira na mama yake, Bibi Eteri. Tsira alikuwa akishona mapazia nyumbani.

Kila mwaka, majira ya baridi yalipoanza, kazi ya Nugzari ilisimama. Lipu haikauki kwenye baridi kali. Hupasuka na kubanduka. Kuanzia Desemba hadi Machi Nugzari alikaa nyumbani akiangalia theluji.

Mwaka 2017 mtaa mzima ulikuwa ukizungumzia sarafu za mtandaoni. Watu waliweka kompyuta nyumbani zipige hesabu mchana na usiku. Kwa kazi hiyo walipata sarafu zisizoshikika, wakaziuza kwenye mtandao kwa pesa za kawaida. Kazi hiyo waliiita kuchimba. Nugzari aliuza gari lake la zamani, akanunua kadi sita za kompyuta, zile zinazopiga hesabu. Alizipanga kwenye fremu ya mbao aliyoigonga mwenyewe.

Kadi hizo hazili umeme wa ukutani moja kwa moja. Katikati lazima kiwepo kisanduku kinachoushusha umeme huo mpaka volti kumi na mbili. Kisanduku hicho kinaitwa pawa saplai. Hapo ndipo Nugzari alipobana matumizi. Alinunua ya rahisi kuliko zote dukani. Ubavuni pake palikuwa na herufi kubwa nyekundu: WATI 1600.

"Elfu moja na mia sita!" alimwambia Tsira. "Inatosha kadi zangu na za jirani."

Bibi Eteri ndiye aliyeitaka mashine iwekwe chumbani kwake. Kifua chake hakikupenda baridi, na hita yake ndogo ya umeme haikumtosha.

"Lete hiyo takataka yako huku," alisema. "Inapiga kelele kama kinu cha kusaga, lakini inatoa joto. Mimi nina baridi mpaka kwenye meno."

Mashine ikawekwa karibu na kitanda chake. Juu yake Bibi Eteri alifunga kamba, akatundika matunda yake yakauke.

Wiki mbili zilipita. Tsira akaanza kusikia harufu.

"Nugzari, kuna kitu kinanuka. Kama plastiki juu ya jiko."

"Ni mpya. Vitu vipya hunuka."

"Viatu vipya vinanuka. Havinuki hivi."

Nugzari alifungua dirisha kidogo, harufu ikapungua. Hakuangalia zaidi ya hapo.

Jumatano moja, saa saba mchana, Bibi Eteri alikula maharage yake akaenda kulala. Tsira alikuwa sebuleni na cherehani. Alisikia mlio mmoja, kama mtu amepasua mfuko wa karatasi. Halafu akaona moshi mweusi ukipita chini ya mlango.

Alipiga kelele. Nugzari aliusukuma mlango akaingia. Waya mmoja ulikuwa unawaka, na mwali ulikuwa unapanda kuelekea kwenye kamba ya matunda. Alimbeba mama yake na blanketi lake, akamtoa nje, akamweka kwenye benchi lenye theluji. Kisha akarudi mbio na beseni la maji.

"Weka maji chini!"

Ilikuwa sauti ya Lamara, jirani yao. Alikuwa anawapa kuku chakula aliposikia kelele, na sasa alikuwa amesimama mlangoni na makapi mikononi.

"Unataka kufa? Maji na umeme? Swichi kuu iko wapi?"

"Ba... barazani. Karibu na mita."

Lamara alikwenda akakata umeme wa nyumba nzima. Akarudi, akavuta blanketi jingine kavu la sufu kitandani, akalibana juu ya moto. Mwali ulizimika. Walifungua madirisha yote, wakatoka nje wote watatu.

Bibi Eteri alikohoa muda mrefu. Alikuwa na soksi tu miguuni. Alipopata pumzi alimtazama mwanawe.

"Nimekuzaa wewe peke yako," alisema. "Na wewe unanichoma kama kuku."

Nugzari alikaa kwenye ngazi. Daktari alikuja akasikiliza kifua cha bibi. Alisema ataishi, ila dakika chache zaidi za moshi ule zingekuwa habari nyingine.

Lamara alikuwa fundi umeme wa reli kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Kesho yake asubuhi alikuja na miwani na bisibisi. Nugzari alikuwa ameshaitoa mashine uani.

"Naitupa, Bibi Lamara," alisema. "Yote. Na kadi."

"Ukitupa bila kujua kosa, utanunua kitu kingine ulirudie. Kaa hapa. Soma hiki kibandiko."

"Wati 1600."

"Si hapo. Soma yale maandishi madogo. Tafuta mstari wa volti kumi na mbili."

Nugzari alikiinamia kisanduku. "Volti kumi na mbili... ampea hamsini."

"Zidisha."

"Mia sita."

"Mia sita nini?"

"Wati mia sita," Nugzari alisema polepole. "Lakini imeandikwa elfu moja na mia sita!"

"Mimi naweza kuandika mgongoni kwamba nina miaka ishirini. Utanioa?"

Tsira alicheka. Alikuwa hajacheka tangu jana.

"Kadi zako zinakula volti kumi na mbili," Lamara aliendelea. "Kwa hiyo mstari huo ndio unaosema kweli. Herufi nyekundu ni za kumpendeza mnunuzi. Kadi moja inakula wati ngapi?"

"Mia na thelathini."

"Mara sita?"

"Mia saba na themanini."

"Ongeza mia na ishirini za kompyuta yenyewe na feni."

"Mia tisa."

"Basi. Umempa punda wa gunia moja gunia moja na nusu, akatembea wiki mbili bila kupumzika. Amejitahidi, maskini."

Kisha alimwonyesha plagi iliyoyeyuka. Waya wake ulikuwa mwembamba. Kazi yake ni kulisha kifaa kidogo, kama diski ya kuhifadhia kumbukumbu. Nugzari alikuwa ameutumia kulisha kadi tatu kwa kuunganisha vipande vya waya kwenye ncha yake.

"Moto ulianzia hapa," alisema Lamara. "Kila kadi iwe na waya wake mnene, unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Kama nyaya hazitoshi, kisanduku hicho si chako. Usiunganishe vipande. Na ukutani ulichomeka wapi?"

"Kwenye ekstensheni."

"Pamoja na hita ya mama yako?"

"Ndiyo. Pamoja na hita."

"Wewe kweli ulidhamiria kuichoma nyumba," alisema Lamara.

Jumamosi Nugzari na Lamara walipanda treni ya asubuhi kwenda Tbilisi, kwenye soko la vifaa vya kompyuta. Njiani Lamara alimfanya arudie hesabu.

"Mashine inayofanya kazi mchana na usiku isibebe zaidi ya sehemu nane kati ya kumi za uwezo wake," alimwambia. "Wewe unahitaji mia tisa. Ukinunua ya elfu moja?"

"Sehemu nane ni mia nane. Haitoshi."

"Ya elfu moja na mia mbili?"

Nugzari alihesabu kwenye vidole. "Mia tisa na sitini. Inatosha, na inabaki kidogo."

"Hiyo ndiyo saizi yako."

Sokoni muuzaji mmoja mwenye ndevu aliwaita kwa mbali.

"Kaka, unachimba? Njoo! Hii ni ya wati 1800, bei ya kirafiki. Mama yako abebe na zawadi."

Lamara alimpisha Nugzari. Nugzari alikichukua kisanduku. Kilikuwa chepesi kama boksi la viatu. Alikigeuza, akatafuta maandishi madogo. Hayakuwepo kabisa.

"Mstari wa volti kumi na mbili uko wapi?" aliuliza.

"Mstari gani tena? Wewe chomeka tu, kaka, inafanya kazi."

"Na ile ya kwangu ilifanya kazi. Wiki mbili."

Muuzaji alikirudisha mezani. "Mteja msomi huyu," alimwambia mwenzake, "leo tumekwisha."

Katika duka la nne walipata waliyoitaka. Kibandiko kilisema wati 1200. Mstari wa volti kumi na mbili ulisema ampea mia moja. Nugzari alizidisha mwenyewe: wati elfu moja na mia mbili, sawasawa na maandishi makubwa. Ilikuwa nzito. Nyaya nene za kadi zilikuwa sita, na nyingine mbili za akiba. Ilikuwa na dhamana ya miaka saba, na alama ya dhahabu.

Jioni Bibi Eteri aliuliza alama hiyo ni ya nini.

"Ni ya umeme usiopotea, mama," alisema Nugzari. "Wati mia zikitoka ukutani, kama tisini zinafika kwenye kadi. Ile ya zamani ilikuwa inapoteza nyingi, zinageuka joto."

"Mngeniletea hiyo inayopoteza. Mimi nataka joto."

"Joto lake linabaki ndani ya kisanduku," Lamara alimjibu, "na linakiunguza. Ulishaonja, Eteri. Unataka tena?"

Wiki iliyofuata Lamara alisimamia kazi ya nyaya. Walivuta waya mpya mnene wa shaba kutoka kwenye mita, wenye swichi yake ya kujikata umeme ukizidi, na waya wa ardhi. Soketi ilikuwa moja, ya mashine peke yake. Mashine ilihamishiwa chumba cha nyuma, chenye sakafu ya saruji, mbali na nguo na vitanda. Darini walifunga king'ora cha moshi. Bibi Eteri alipata jiko la kuni chumbani, na Nugzari ndiye aliyempasulia kuni kila asubuhi. Mama hakumshukuru, ila alimwachia mlango wazi aingie.

Siku ya kwanza Nugzari aligusa kila waya kwa nje kila baada ya saa moja. Zilikuwa na uvuguvugu tu. Siku ya tatu aliacha kugusa kila saa, akagusa asubuhi na jioni.

Mwishoni mwa Januari, siku moja, kabla ya chakula cha mchana, feni zilinyamaza. Nugzari alikwenda chumba cha nyuma. Hapakuwa na harufu wala moshi. Kisanduku kilikuwa kimejizima chenyewe. Alichomoa plagi, akaangaza tochi, akaona: panya alikuwa ametafuna waya mmoja, na shaba mbili za ndani zimegusana, ndipo kisanduku kikakata umeme. Waya haukuwa umeungua hata alama. Aliutoa, akafunga mmoja wa akiba, akaziba shimo la panya kwa saruji. Alipowasha, feni za kadi zote sita zilizunguka.

Alipita jikoni kunawa mikono. Bibi Eteri na Lamara walikuwa wanavunja kokwa mezani.

"Mbona kelele ilikatika?" mama aliuliza bila kuinua uso.

"Panya alikata waya."

"Halafu?"

"Halafu hakuna, mama. Ilijizima."

Bibi Eteri alivunja kokwa nyingine, akamsogezea mwanawe kiti kwa mguu.

"Basi kaa," alisema. "Ule."