Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Domitila alirudi kutoka mazoezi ya kwaya jua likizama, akakuta miguu ya mumewe imetokeza chini ya gari. Alimsemesha, kimya. Alimsemesha tena kwa ukali, maana alidhani Edson anamfanyia masihara, na ukali huo ndio uliomliza kuliko yote baadaye. Jeki ilikuwa imelala ubavu. Gari lilikuwa limemkalia kifuani.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, Ganako, nje kidogo ya mji wa Karatu. Edson alikuwa dereva wa lori la shamba la kahawa, na gari lake dogo alilitengeneza mwenyewe uani kwake. Wiki kadhaa tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limelala, linaliwa upande wa ndani. Akanunua Arusha amu mpya, vile vyuma vinavyolishika tairi la nyuma likae wima, na siku hiyo ndiyo aliyoitenga kuzifunga.

Sajenti Dorkasi, mpelelezi wa kituo cha Karatu, alifika akakuta majirani wameshamaliza kesi. Watu bwana! Maiti haijatolewa chini ya gari, wao wameshamfunga mtu mikono kwa kamba ya mbuzi, na mmoja anaulizia petroli. Aliyefungwa alikuwa Parsimei, Mmaasai anayelinda duka la jirani. Asubuhi yake, watu watatu walimsikia akimpigia Edson kelele: "Damu ya mtoto wetu iko kwenye gari hili!"

"Afande, ameangusha jeki huyu," alisema Clemensi, kaka mkubwa wa Edson. Macho yalikuwa yamemwiva. "Ukimwachia, mimi sitamwachia."

"Kaka, hakuna atakayemgusa mtu hapa," Dorkasi alimjibu. "Atalala kituoni, na wewe utalala kwako."

Alimpakiza Parsimei kwenye gari la polisi, zaidi kumwokoa kuliko kumkamata. Kisha akaamuru gari linyanyuliwe, mwili ukatolewa, naye akaingia uvunguni na tochi. Dorkasi alikuwa na gari bovu la miaka mingi, kulala chini ya gari hakukuwa kugeni kwake.

Aliona mambo matatu. Edson alikuwa amelazwa juu ya gunia laini, lakini kisogo kilikuwa kimepasuka. Tairi lililotolewa lilikuwa limeegemezwa ukutani, mbali. Na nati za amu mpya zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho, kila moja ina mstari wa rangi nyekundu.

Alimfuata Domitila jikoni, walikomkalisha wanawake wenzake.

"Mama, pole sana. Nitakuuliza machache. Mumeo akitoa tairi, huliweka wapi?"

"Hulisukuma chini ya gari. Siku zote. Anasema jeki ikiponyoka, gari lidondokee tairi, lisimdondokee yeye." Akainua uso. "Leo halikuwepo chini, eti?"

"Halikuwepo. Na ile rangi nyekundu?"

"Ni yangu ya kucha. Akishakaza nati kwa mara ya mwisho huzipaka, ili zikilegea aone."

"Hukaza gari likiwa juu ya jeki?"

"Hata! Zikiwa juu huzishika kwa mkono tu. Anarudisha tairi, anashusha gari, analipandisha kwenye mbao zile mbili, ndipo anaingia kukaza. Anasema ukikaza likiwa limening'inia, raba za ndani zinajipinda, hazifiki mwezi zimepasuka. Amenieleza mpaka nimechoka, afande." Hapo akajifunika uso kwa kanga.

Mbao zilikuwepo uani, zina alama mbichi za tairi. Dorkasi alizitazama akaelewa. Edson alikuwa amemaliza kazi. Gari lilishashuka, likakaa kwa miguu yake, nati zikakazwa na kupakwa rangi. Mtu mwingine ndiye aliyelinyanyua tena, akatoa tairi na kumvutia Edson chini yake.

Kituoni, Parsimei alizungumza kwa sauti ndogo. Mtoto wa kaka yake aligongwa na gari akafa mwezi uliopita, kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Wasso. Aliyemgonga hakusimama, au alisimama akaondoka, hakuna aliyeona.

"Asubuhi Edson aliniita. Alikuwa ametoa chuma cha zamani, kimepinda, na kwenye chuma kumejiviringisha shanga. Akaniuliza, Parsimei, shanga hizi za nani? Nikazijua. Shemeji yangu Sinyati, mama wa mtoto, ndiye aliyezitunga. Nikapiga kelele, ndiyo. Ningefanyaje?"

"Yeye alisemaje?"

"Alisema, si mimi niliyeendesha. Niliazimisha. Akasema, niachie mpaka jioni, huyo mtu ni wangu, nitamleta polisi kwa miguu yake mwenyewe. Jina hakunitajia."

"Shanga ziko wapi?"

"Alizirudisha palepale kwenye chuma. Alisema polisi wazione zilivyo."

Dorkasi hakulala vizuri. Kama Parsimei amesema kweli, muuaji ni mtu aliyeazima gari. Kama amesema uongo, basi amempa mpelelezi sababu ya kumtia kitanzi shingoni. Na Clemensi alikuwa ameshakusanya ukoo. Walitaka Mmaasai afikishwe mahakamani mara moja. Chuma cha zamani chenyewe hakikuonekana popote uani.

Jumapili aliwaita kituoni, mmoja mmoja, watu wawili waliozoea kuazima gari lile. Domitila hakujua nani alilichukua mwezi uliopita, kwani alikuwa Kansay akimuuguza mama yake.

Clemensi aliingia wa kwanza.

"Mwezi uliopita ulikwenda Wasso?"

Clemensi alikunja uso. "Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Nilikwenda. Kwa basi, kumwona mgonjwa hospitalini. Tumbo liliniharibikia, basi likasimamishwa porini kwa ajili yangu, konda hajanisahau mpaka leo. Kwa nini?"

"Jana ulimwona mdogo wako saa ngapi?"

"Saa tisa. Gari liko juu, tairi kalisukuma chini kama kawaida yake. Amu mpya zimeshaingia, nati kazishika kwa mkono. Akanikatalia chai, akasema ana jambo la kumaliza na mtu. Uso wake haukuwa mzuri." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilidhani amegombana na mkewe. Nikamwacha peke yake."

Wa pili alikuwa Benson, mwongoza watalii, rafiki wa Edson tangu shule. Alikuja na shati lililopigwa pasi, mkononi kashika kofia.

"Afande, yule alikuwa ndugu yangu," alisema. "Naomba haki itendeke."

"Ulimwona mara ya mwisho saa ngapi?"

"Saa kumi na moja hivi. Nilipita kumsalimia."

"Alikuwa amefikia wapi?"

"Mwishoni kabisa. Gari juu ya jeki, halijashuka tangu alipolipandisha. Tairi liko nje. Nati zote kakaza, kazipaka ile rangi yake nyekundu. Nikamwambia, rudisha tairi tukanywe soda. Akasema nitangulie. Nilipoondoka, nilimwona Parsimei kasimama getini."

"Rangi uliiona wewe mwenyewe?"

"Kwa macho yangu."

"Na gari lilikuwa halijashushwa hata mara moja?"

"Hata mara moja, alinihakikishia."

Dorkasi aliandika, akamsomea, Benson akatia sahihi. Kisha akamwomba funguo za gari lake la wageni. Benson alizitoa polepole.

Chuma kilikuwa ndani ya sanduku la spea, kimefungwa kwenye taulo. Karatu huwezi kutupa chuma, waokota chuma chakavu watakibeba kabla hujageuka, kesho kiko kwenye mizani mbele za watu. Benson alilijua hilo, akakificha kwake. Shanga bado zilikuwa zimekamatwa pale kilipopinda.

Jumatatu Dorkasi aliwakusanya kwenye chumba kimoja: Clemensi, Domitila, Parsimei akiwa amefunguliwa pingu, na Sinyati aliyesafiri kutoka upande wa Wasso. Benson aliketi katikati ya askari wawili. Chuma kiliwekwa mezani. Sinyati alikitazama, akagusa shanga kwa kidole, nyeupe, nyekundu, buluu, kijani. Akaitikia kwa kichwa.

"Benson," alisema Dorkasi, "Edson hakukaza nati gari likiwa juu hata siku moja. Wewe huingii chini ya magari, hukulijua hilo. Nati zilizopakwa rangi huku tairi likiwa nje, ameziona mtu mmoja tu: yule aliyelinyanyua gari kwa mara ya pili."

Benson aliinamisha kichwa. Clemensi alianza kuinuka, askari akamshika bega.

"Alinipigia simu, akanipa mpaka jioni," Benson alisema. "Nilikuja kumsihi. Nikamwambia, mtoto ameshazikwa, mimi nikifungwa atafufuka? Akasema twende, nakusindikiza. Akainama kukusanya spana zake. Spana ya tairi ilikuwa karibu yangu."

"Wewe ulinishika mkono msibani," Domitila alimwambia taratibu. "Ulinishika mkono ukalia."

"Nilimpenda Edson, shemeji."

"Nyamaza. Usiniite shemeji."

Dorkasi alimgeukia Benson. "Mtoto. Ulisimama?"

"Nilisimama. Alikuwa ameangukia mtaroni." Benson aliziba macho. "Alikuwa hai. Aliniomba maji. Nilikuwa na maji ndani ya gari, afande. Niliogopa watu watatokea."

Parsimei aligeuka amtafsirie shemeji yake. Sinyati alimwekea mkono kifuani, aache. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha mnadani, lakini neno maji alilijua. Hakulia. Aliketi tu, anamtazama Benson mpaka walipomtoa.

Wanaume walitoka mmoja mmoja. Clemensi alisimama mbele ya Parsimei, akatazama alama za kamba kwenye mikono yake, akainamisha uso, akapita.

Domitila aliinuka kwenye kiti chake, akaenda kukaa karibu na Sinyati, bega kwa bega.

"Mtoto wako alikuwa anaitwa nani?" alimuuliza.

"Nailantei," alisema Sinyati.