Lumbesa na Sura ya Ngeleja

Msimu wa kuuza mahindi, nyumbani kwa akina Flavian hakuna anayekaa. Mama yake, Adela, anapukuchua. Flavian anashona magunia. Lakini mnunuzi akija na lori lake hataki gunia la kawaida, anataka lumbesa: gunia lijazwe, liongezewe kichwa juu, na bei ibaki ya gunia moja. Mkulima anapunjwa huku anaona.

Mwaka huu vijana wa kijiji walichoka. Walifungua kundi la WhatsApp, wakakubaliana kugoma: hakuna kuuza lumbesa. Hapo walikuwa sahihi kabisa. Kilichoharibu mambo ni video ya Flavian.

Alimrekodi Ngeleja, kibarua wa mnunuzi aliyehamia kijijini kutoka mkoa mwingine, akishindilia mahindi kwenye gunia. Akaandika: "Mwizi wa wakulima huyu hapa." Video ikasambaa hadi Sumbawanga mjini. Watu wasiomjua Ngeleja wakaandika kwamba wahamiaji warudi kwao, wengine kwamba achomwe moto. Flavian alikuwa anahesabu watazamaji tu. Sifa zilimlevya, jamani.

Kesho yake dirisha la Ngeleja lilivunjwa kwa mawe. Mkewe, Rahel, akaanza kufungasha vyombo.

Adela alipopata habari hakumgombeza mwanawe. Alimpeleka kwa Klementina, afisa ugani, jirani yao. Flavian akamwamkia shikamoo, akampa simu. Klementina akaitazama video mpaka mwisho.

"Nani anataka lumbesa?" akauliza.

"Mnunuzi."

"Yuko wapi humu?"

Flavian akaichungulia tena simu.

"Mwenye lori umemwacha, umemwanika kibarua wake," Klementina akasema. "Mgomo wenu una haki, mwanangu. Lakini ukimwita mtu mwizi mbele ya watu wote hao, umeshamhukumu. Na atakayetekeleza hukumu humjui."

Akamweleza kwamba alipaswa kupiga picha gunia lenyewe likiwa juu ya mizani, bila sura ya mtu. Kufuta video peke yake hakutoshi, kwa sababu wengine wameshaihifadhi. Aombe kila kundi liifute, na akiri kosa kwa sauti yake mwenyewe.

Flavian akafanya hivyo. Wapo waliomtukana kwamba amenunuliwa, na iliuma kwelikweli. Kisha vijana wakapita nyumba kwa nyumba kueleza mgomo, maana wazee wengi wenye mahindi hawamo kwenye kundi. Wakaenda pamoja serikali ya kijiji, wakaomba mizani. Mnunuzi akaondoka kwa hasira. Alipokosa mahindi kwingine akarudi, akanunua kwa kilo. Adela akapata bei ya haki, na majirani zake pia.

Ngeleja hakuhama. Siku ya kupakia, Flavian akamfuata.

"Kaka, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe," Ngeleja akasema. "Ila binti yangu, mpaka leo, akiona mtu ameinua simu anakimbilia ndani."

Flavian akainama, akashika upande wa pili wa gunia, wakalinyanyua pamoja.